Nyavu Zinaponasa: Nani Anajua Kilichozama Katika Maziwa Yetu?

Kwenye mwalo wa Katonga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, nilimkuta mzee amekaa juu ya mtumbwi uliolazwa kifudifudi, akishona wavu. Tundu alilokuwa akiliziba lilitosha kupitisha mtoto, na nyuzi za pembeni mwake zilikuwa zimeshika kutu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha nikamuuliza kilichoutafuna wavu ule.

"Chuma," alijibu bila kuinua macho. "Kijana wangu alitupa mahali pasipotupwa."

Nikataka kujua mahali pasipotupwa panajulikanaje, maana ziwa likitulia ni sawasawa kila upande. Akanyoosha sindano yake ya kushonea kuelekea nchi kavu. Ule mwembe mkubwa ukiukuta umekaa chini ya kipara cha mlima, alisema, na paa la kanisa likaanza kuchungulia nyuma ya rasi, basi chini yako pana chuma; kunja wavu, piga kasia, nenda zako. Alionyeshwa na baba yake, na baba yake alionyeshwa na waliomtangulia. Chuma cha nini? "Wengine husema meli ya Mjerumani. Wengine husema ni tishari tu lililokatika kamba. Mimi ninachojua, kinakula nyavu."

Katika maneno hayo machache mna swali zima la urithi uliolala chini ya maziwa yetu. Anayepajua mahali hakijui kitu. Wanaokijua kitu, yaani wanahistoria waliosoma nyaraka za Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, hawapajui mahali. Pande hizi mbili hazijawahi kukaa mkeka mmoja. Hoja yangu ni kwamba utafiti wa meli zilizozama katika Tanganyika, Victoria na Nyasa unapaswa kuanzia nchi kavu, kwa wavuvi na wazee wa mialo, kabla mzamiaji wa kwanza hajalowa. Chuma kinaweza kusubiri miaka mingine hamsini. Kumbukumbu ya mzee wa Katonga haiwezi.

Meli iliyozama ikarudi

Tuanze na meli ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua. Mv Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mafundi wa Kijerumani, pamoja na mafundi na vibarua Waafrika na Wahindi, waliiunganisha tena ufukweni, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi, na hapakuwa na chombo kingine cha kulingana nayo ziwani.

Julai 1916 majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yakiikaribia Kigoma. Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe ili adui asiitwae. Anton Rüter na wenzake wawili, mafundi wale wale waliokuja nayo kutoka Papenburg, walizipaka mashine grisi nzito kila mahali, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaishusha chini taratibu, kama mtu anayefukia akiba. Walitaraji kurudi. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiinua Machi 1924, wakakuta mashine zingali zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa hili.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni kwamba kitu kilichozama kinaweza kuwa na maisha ya pili. Meli hiyo hiyo ya vita ndiyo iliyowavusha makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakirudi Zaire mwaka 1997, na ndiyo iliyowaondoa Warundi waliosongamana katika kijiji cha Kagunga mwaka 2015. La pili ni la kiutafiti. Hata kwa meli mashuhuri kiasi hiki, maandishi hayakubaliani ilizamishwa wapi hasa: mengine yanataja Ghuba ya Katabe, mengine yanataja mdomo wa mto Malagarasi, na kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo mrefu kwa mtumbwi. Ikiwa maandishi yanagongana juu ya Liemba, tutegemee nini juu ya vyombo ambavyo havikuwa na Rüter wala kiwanda kikubwa nyuma yake?

Vita, misiba na riziki

Anayetaka kuchunguza vilivyozama atakutana na vyombo vya aina tatu, na kila aina inadai utafiti wake na heshima yake.

Aina ya kwanza ni vyombo vya vita. Mwaka 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji, na Wajerumani wakalitawala ziwa Tanganyika. Waingereza walijibu kwa kusafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha kuzikokota kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita misitu ya Katanga. Desemba 1915 wakaiteka boti ya Kijerumani Kingani na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi zikaizamisha Hedwig. Huko Nyasa vita vilianza mapema zaidi: Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Habari hizi zimeandikwa tena na tena Ulaya, karibu zote kama hadithi za ushujaa wa makapteni. Aliyekata miti barabara ya boti ipite, aliyebeba kuni za tanuru, na mvuvi aliyesikia mizinga akiwa katikati ya ziwa hawamo.

Aina ya pili ni vyombo vya misiba. Hapa hatuhitaji nyaraka za mbali, kwa kuwa waliofiwa tunaishi nao. Mv Bukoba ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Mv Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa katika kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101. Upande wa Malawi, Mv Vipya ilizama katika dhoruba tarehe 30 Julai 1946, watu 145 wakapotea. Upande wa Uganda, Mv Kabalega ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na pacha wake, Mv Kaawa.

Aina ya tatu ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyohesabiwa kabisa: vyombo vya riziki. Mitumbwi ya gogo, mitumbwi ya Ssese iliyojengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, madau ya wafanyabiashara wa Ujiji, karua za Ziwa Victoria, matishari ya pamba na saruji. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 alieleza kwamba mitumbwi mikubwa ya pale ilichongwa kwa miti iliyotoka Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Maana yake, kabla ya reli na mvuke ziwa hili lilikuwa na misitu yake ya kuchonga vyombo, mafundi wake na njia zake za biashara. Katika njia hizo walipita watumwa, wakivushwa kutoka Kongo hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kwa miguu hadi pwani. Chombo kilichozama nao hakikuandikwa popote. Kama mabaki yake yapo, basi ziwa ndilo daftari pekee lililobaki na habari zao.

Hapo ndipo orodha ya kawaida ya "meli za kihistoria" inapopungua. Ukitafuta chuma peke yake, utaipata historia ya waliokuwa na chuma.

Maji yanayohifadhi, ziwa linalohama

Maji ya ziwa yana neema ambayo bahari haina. Hayana chumvi, hivyo chuma huliwa na kutu polepole zaidi. Tena hayana wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hadi jahazi zima likawa unga. Mashine za Liemba zilizokaa chini karibu miaka minane na kuamka ni ushahidi tosha, hata tukiipa grisi sifa yake.

Lakini maziwa yetu hayafanani. Tanganyika ni refu na lenye kina cha kutisha, mita 1,470 penye kina kikubwa kabisa, na kwenye tabaka za chini maji yake hayana oksijeni. Mtumbwi uliofika kwenye giza lile, pasipo na kiumbe cha kuula, huenda umekaa karibu kama ulivyozama. Tatizo ni kwamba hakuna mzamiaji wa kawaida anayefika huko. Panahitaji vyombo vya kupima kwa mawimbi ya sauti na kamera za kushushwa kwa kamba. Karibu na ufuko maji ni maangavu, na mzamiaji huona mbali. Ziwa Victoria ni kinyume chake: kina hakizidi mita 80 au zaidi kidogo, lakini maji ni mazito kwa tope na magugu, na mzamiaji hufanya kazi kwa kupapasa. Mbinu inayofaa Kigoma haitafaa Mwanza.

Halafu kuna jambo linalosahaulika na wengi: ziwa lenyewe huhama. Mwaka 1878 maji ya Tanganyika yalikuwa yamejaa hadi yakazibua mlango wa mto Lukuga upande wa magharibi, na katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata kina kikashuka kwa takriban mita 10. Ndiyo sababu mgeni anayepelekwa Ujiji kuona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley hushangaa kuambiwa kwamba maji yalikuwa jirani; leo kutoka pale hadi ufukweni ni matembezi. Kwa mtafiti hii ni habari kubwa. Bandari ya Ujiji ya zama za misafara, pamoja na vyombo vilivyoachwa vikaoza kwenye mchanga wake, inaweza kuwa imelala chini ya mashamba na nyua za watu. Urithi wa majini, hapa, unaweza kutafutwa kwa jembe. Na kinyume chake ni kweli pia: maji yalipopanda katika miaka ya mwanzo ya 1960, na tena kuanzia 2020, yalifunika magati, barabara na nyumba ambazo jana zilikuwa nchi kavu.

Utafiti unaanzia wapi

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Mvuvi ana ramani isiyochorwa: alama mbili za nchi kavu zikipangana, unajua uko wapi. Kila mwalo una orodha ya mahali panaponasa nyavu, na mara nyingi mahali hapo pana jina. Kazi ya mtafiti ni kukusanya majina hayo, kwenda nayo ziwani pamoja na mwenye kuyajua, na kuchukua vipimo kwa simu au kifaa cha satelaiti. Si kila penye kunasa pana meli, kwani mwamba nao hunasa. Ila wavuvi hutofautisha. Mwamba hukata wavu, na chuma huuchafua kutu. Hilo nililijifunza Katonga, na sijalikuta katika kitabu chochote.

Hatua ya pili ni nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Dar es Salaam inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani. Mengine yako Ujerumani, Ubelgiji na London. Humo mna ripoti za makapteni, hesabu za mizigo na michoro ya meli. Mchoro mmoja unaoonyesha mpangilio wa mashine unaweza kumaliza ubishi wa miaka mia moja juu ya chuma kilichoonwa chini. Magazeti ya zamani na rejista za misheni huzaa pia, hasa kwa vyombo vidogo ambavyo serikali haikuvijali.

Hatua ya tatu ni kupima kutoka juu ya maji, na ya nne, ikibidi, ni kuzamia. Kupiga picha, kuchora na kuacha kitu mahali pake ndiyo kanuni, kwa sababu chuma au ubao uliozoea maji ukitolewa bila matibabu huharibika haraka kuliko ulivyoharibika katika miaka yote ya kulala. Anayeinua nanga ili kupamba geti la hoteli ameirarua historia akidhani anaiokoa.

Wala tusiseme utaalamu huu ni wa wageni tu. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama mwaka 1697 ilichimbwa kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Waakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi Bagamoyo na Kilwa juu ya urithi wa bahari pamoja na wenyeji wa huko. Mizani imeelemea pwani. Maziwa, yanayolisha mamilioni ya watu, yamebaki nyuma.

Sheria iliyosahau maziwa

Sababu moja ya kubaki nyuma ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakilinda moja kwa moja kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sasa hesabu: meli ya kwanza ya mvuke katika maziwa haya, Ilala, ilishushwa Nyasa mwaka 1875. Kwa kipimo hicho hakuna hata meli moja ya mvuke iliyowahi kuelea katika maziwa yetu inayopata ulinzi huo wa moja kwa moja. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza mahali kuwa pa kulindwa, lakini ili atangaze lazima aambiwe pako wapi na pana nini.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unahesabu tofauti: kilichokaa majini angalau miaka 100. Kwa kipimo hicho Hedwig von Wissmann ilivuka mstari mwaka 2016. Lakini mkataba huo uliandikwa kwa kuitazama bahari. Nchi mwanachama inayotaka kanuni zake zifike katika maziwa na mito yake inapaswa kutamka hivyo rasmi. Ongeza kwamba Tanganyika ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na kwamba dola huwa na madai juu ya manowari zake hata zikiwa zimezama. Nchi hizo nne zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na chombo chake kina makao Bujumbura. Wanaojadili samaki na uchafuzi mezani hapo wanaweza pia kujadili kilicholala chini ya samaki hao.

Sheria inaposuasua, soko halisuasui. Chuma chakavu kina bei kila mji, na bamba la meli lililo mita chache chini ya maji ni mali kwa kijana mwenye kamba na msumeno. Siwezi kumlaumu kijana huyo kabla sijajiuliza ni nani aliyewahi kumweleza kwamba chuma kile ni chake zaidi kikibaki kilipo.

Kaburi si kivutio

Mtu akisikia meli zilizozama huwaza watalii wenye mitungi ya hewa. Wazo hilo si baya kwa Kigoma, yenye maji maangavu na historia inayotafutwa na wasomaji wa dunia nzima. Lakini kuna mahali lisipopaswa kufika.

Mv Bukoba ilipopinduka ilikaa kwanza ikielea kifudifudi, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Tundu likatobolewa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, ikazama. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, hivyo idadi ya waliokufa hukadiriwa tu, kati ya 800 na 1,000. Waliotolewa wakazikwa kwa wingi Igoma, Mwanza, ambako hukumbukwa kila mwaka. Kuna ambao hawakutolewa.

Kwa kipimo cha miaka 100, Mv Bukoba itahesabiwa kuwa urithi mwaka 2096. Hakuna familia ya Kagera au Mwanza inayohitaji kusubiri hadi wakati huo. Kwao pale ni kaburi leo, na utafiti wa kwanza unaostahili kufanywa juu ya meli hiyo hauhitaji mzamiaji: ni kuandika majina ya abiria wa daraja la tatu kutoka kwa waliowasindikiza bandarini Bukoba na Kemondo, wakiwa bado hai. Orodha ambayo meli haikuwa nayo inaweza kuandikwa nchi kavu.

Mtu asiniambie kwamba wanakijiji hawawezi kazi hiyo. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wao ndio hufika kwanza kila mara, nao ndio hubaki baada ya tume na kamera kuondoka.

Daftari la mwalo

Ninachopendekeza hakina gharama kubwa. Kila mwalo uwe na daftari, likitunzwa na kikundi cha usimamizi wa uvuvi pamoja na mwalimu wa historia wa shule ya karibu. Wanafunzi waandike kutoka kwa wazee: jina la mahali, alama zake, kina kwa pima, kilichowahi kunasa, simulizi zake zote hata zikigongana. Nakala moja iende kwa afisa utamaduni wa wilaya na nyingine chuo kikuu. Mtaalamu atakapokuja na mashine zake, asianze kulichana ziwa zima. Aanze na ukurasa wa kwanza.

Nilipomweleza mzee wa Katonga wazo hilo alitafakari kidogo, akakata uzi kwa meno. "Andika," akasema. "Lakini ukiandika kila kitu, wa vyuma chakavu naye anajua kusoma." Ana haki, na daftari lolote lisilojibu wasiwasi huo litakuwa limewauzia wezi ramani. Kwa hiyo kurasa za alama zikae kwa wenye mwalo wenyewe, na anayezitaka aje aombe, ajulikane yeye ni nani na anatafuta nini.

Ndivyo nilivyomwahidi. Alama nilizozitaja mwanzoni mwa makala haya, mwembe, kipara cha mlima na paa la kanisa, sizo alizonionyesha. Zile za kweli ziko katika daftari aliloanza kuliandika mjukuu wake siku ile ile, ukurasa wa kwanza, kwa penseli.